Ndege ya Mfano Isiyo na Mkia: Kabla ya Kununua na Kabla ya Kurusha
(Mazungumzo na watumiaji wa Mbekenyera, Wilaya ya Ruangwa)



Korosho zikishauzwa, mzazi huweza kuombwa na kijana wake fedha za vifaa vya kuundia ndege ndogo ya rimoti. Ombi hilo si la kupuuzwa, kwani kazi hiyo hufundisha hesabu na fizikia. Lakini vifaa vyake ni ghali, na rafadha inayozunguka hukata kidole. Kwa hiyo tuna mambo manne ya kuwaeleza.

Kwanza, mizani. Ndege iliyo bawa tupu haina mkia wa kuituliza. Utulivu wake hutegemea mahali uzito unapokaa. Bawa likiwa limenyooka, na upana wake kutoka mbele hadi nyuma ni sentimita 20, kitovu cha uzito kiwe sentimita 3 hadi 4 kutoka ukingo wa mbele. Bawa lililolazwa nyuma huhitaji hesabu ya upana wa wastani. Mwombeni muuzaji wa ramani awape kipimo hicho kwa maandishi. Iegemezeni ndege juu ya ncha za vidole viwili. Isipotulia sawa, sogezeni betri kwanza kabla ya kuongeza uzito.

Pili, vibao vya nyuma. Vikiinuka pamoja, pua hupanda; kimoja kikiinuka na kingine kikishuka, ndege huinamia upande wa kilichoinuka. Anzeni kwa kuviinua vyote milimita 2 hivi. Kisha itupeni kwa mkono, mota ikiwa imezimwa, juu ya nyasi ndefu, kuelekea upepo. Ikiinua pua na kuporomoka, betri isogezwe mbele kidogo. Ikipiga mbizi, vibao viinuliwe kidogo. Badilisheni jambo moja kila mara, ndipo mtakapojua lililosaidia.

Tatu, betri na mota. Betri ya lithiamu ya seli 3 ni ya volti 11.1, na ikijaa haizidi volti 12.6. Iliyovimba isinunuliwe wala kuchajiwa. Ichajiwe kwa chaja yake, mbali na makuti na vitanda, mtu mzima akiwapo. Rafadha ifungwe mwisho kabisa. Kabla ya hapo, washeni mota polepole, kisha zimeni rimoti: mota isiposimama, ndege hiyo isirushwe.

Nne, haki na wajibu. Daini risiti, na muuzaji awaonyeshe kuwa vifaa vya redio vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Vyombo visivyo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Ulizeni masharti yake kabla ya kutoa fedha, maana kibali kikikosekana hasara ni ya mnunuzi. Majirani zetu wa Nachingwea wana kiwanja cha ndege: msirushe karibu nacho, wala juu ya mnada, shule au barabara.

Fedha ya korosho huja kwa msimu. Itumike kwa kifaa ambacho asili yake inajulikana.