Saa Iliyochelewa Cayenne

Mwaka 1672 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimtuma Jean Richer avuke Bahari ya Atlantiki hadi Cayenne, mji wa pwani ya Amerika Kusini ulio kama digrii 5 kaskazini mwa ikweta. Alikwenda kupima mahali zilipo sayari na nyota. Kwenye shehena yake ilikuwamo saa ya pendulamu, na enzi hizo hakukuwa na chombo kilichoishinda kwa kuhesabu sekunde. Kule Paris saa hiyo ilikuwa ikienda sawasawa. Huko Cayenne ikaanza kuchelewa, takriban dakika mbili na nusu kila siku.

Mtu mwingine angeilaumu saa. Bahari imeitikisa, unyevu umeingia, joto limerefusha chuma. Richer hakukimbilia huko. Alirudia kipimo chake kwa miezi mingi, akakuta kwamba ili pendulamu ipige sekunde kamili, lazima aifupishe kwa karibu milimita tatu. Huko Ulaya wapo waliomtilia shaka. Lakini Isaac Newton, katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1687, aliyachukua matokeo hayo kwa uzito wote. Alikubali kwamba joto hurefusha chuma, ila akaonyesha kuwa urefu huo hautoshi kueleza tofauti kubwa kiasi kile. Kilichopungua Cayenne ni nguvu ya mvutano yenyewe.

Pendulamu huinuka upande mmoja, kisha mvutano wa dunia huirudisha chini. Mvutano ukilegea, nayo hurudi kwa uvivu. Karibu na ikweta mvutano umelegea kwa sababu mbili: dunia inajizungusha, na mzunguko huo umeifanya ivimbe kiunoni. Mtu aliyesimama ikweta yuko mbali na kitovu cha dunia kwa kilomita 21 zaidi ya aliyesimama kwenye ncha. Hivyo saa ya Richer ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inasoma umbo la dunia.

Mzunguko huohuo ulioichelewesha saa yake una faida yake, na pwani ya Kenya inaijua. Pale ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa karibu na hapo huondoka ikiwa tayari na kasi hiyo. Ndiyo maana Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi. Hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Lakini mvutano haufanyi kazi peke yake. Hewa inaupinga, na anayetaka kujua inaupinga kiasi gani aitazame mvua ya masika. Tone linaloanguka kutoka kilomita mbili juu, kama lisingekutana na hewa, lingetua kichwani kwa zaidi ya kilomita 700 kwa saa, na hakuna shamba la mahindi ambalo lingesalimika. Ukinzani wa hewa hulishika tone njiani mpaka uzito wake na ukinzani vilingane, na kuanzia hapo haliongezi mwendo. Hata matone makubwa hufika ardhini kwa kasi ya kama mita tisa tu kwa sekunde.

Mahali pasipo na hewa mambo hubadilika. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya Mwezi akiwa na nyundo mkono mmoja na unyoya wa ndege mkono wa pili. Akaviachia kwa pamoja, vikagusa vumbi kwa pamoja.

Ndani ya saa pia ukinzani upo. Hewa na msuguano huinyang'anya pendulamu nguvu kidogo katika kila mbembeo, na bila ya uzito au springi ya kuisukuma ingesimama. Hata hivyo, saa ikisimama, muda hausimami. Msuguano unaweza kukomesha mwendo wowote duniani, lakini muda wenyewe hauugusi. Mvutano unaugusa.

Hilo lilitoka katika nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1915: kadiri mahali palivyo karibu na kitu kizito chenye mvutano, kama dunia, ndivyo muda wa hapo unavyokwenda polepole. Mwaka 1977 Marekani ilirusha setilaiti ya majaribio iliyobeba saa ya atomu, ikitangulia mfumo wa GPS. Kifaa cha kusahihisha tofauti kati ya saa hiyo na saa za ardhini kiliwekwa ndani, lakini kwanza kikaachwa kimezimwa kwa siku kama 20, saa ijisemee yenyewe. Ikajisemea, na ikasema karibu kabisa kama hesabu za Einstein zilivyotabiri. Kwa setilaiti za GPS, kimo chao huzifanya saa ziwahi kwa sehemu 45 za milioni ya sekunde kila siku, na kasi yao huzirudisha nyuma kwa sehemu 7. Zinabaki sehemu 38. Zisiposahihishwa, kosa la kupima umbali litaongezeka kwa kilomita 11 kila siku, na dereva wa bodaboda anayefuata ramani ya simu kwenda Kariakoo ataelekezwa kwingine kabisa.

Mtu akipandisha saa mbili hadi kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, moja ya pendulamu na nyingine ya atomu, zitaachana njia. Ya pendulamu itachelewa takriban dakika moja kwa siku ikilinganishwa na ya pwani, kwa kuwa mvutano umepungua. Ya atomu itawahi kwa sehemu 55 za bilioni ya sekunde kwa siku, kwa kuwa iko juu zaidi, mbali na kitovu cha dunia.

Wala hapahitajiki mlima. Mwaka 2010, huko Boulder, Colorado, watafiti waliinua saa moja ya atomu sentimita 33, kimo cha vidato viwili vya ngazi, wakailinganisha na mwenzake. Iliyoinuliwa ilikuwa inakwenda mbele.