Maandishi ya Kazini na Msomaji Mwenye Haraka

Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanachama wa Thika na Ruiru



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya maandishi ya kazini, yaani barua, matangazo ya ukutani, na maagizo ya dawa na mashine. Huenda wengine wakaona kwamba jambo hili ni la makarani. Sivyo. Shida nyingi zilizoletwa mbele yetu mwaka huu zilianza na karatasi ambayo aliyepewa aliikunja, akaitia mfukoni, akarudi kazini.

Wazee wamesimuliwa na baba zao habari za kipande. Kuanzia mwaka 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kukichukua, na wengi walikitia katika kisanduku cha bati kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mliandikwa habari za kazi ya mtu, mabwana wake na mshahara wake. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921, nasi twajua uchungu wao ulikuwa mwingi. Leo twatazama upande mmoja tu. Mtu alibeba maandishi yaliyomhusu yeye mwenyewe, na wengi hawakuweza kuyasoma. Kipande kilikwisha zamani. Lakini mtu wa leo atiaye sahihi barua asiyoielewa, je, yu mbali sana na yule?

Sheria imeliona jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba mwajiriwa asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, hana budi kuelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Tena, kabla ya kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi duni, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mjumbe wa chama cha wafanyakazi, wakati wa maelezo hayo. Hata hivyo barua zijazo ni za namna hii: "Unatakiwa kutoa sababu kwa nini hatua za kinidhamu zisichukuliwe dhidi yako kufuatia tukio lililotajwa." Tukio gani? Ndugu mmoja alidhani anaulizwa kama apenda kuadhibiwa, akajibu kwa adabu kwamba hapendi. Msicheke sana, ndivyo barua isemavyo. Sisi twapendelea hivi: "Jumatatu tarehe 5 hukuja kazini. Tuandikie sababu kabla ya Ijumaa tarehe 9, saa kumi alasiri. Siku ya kusikilizwa waweza kuja na mwenzako wa kazini."

Sasa tuje kwenye mashine, maana hapa neno laweza kumkata mtu vidole. Tangazo lasema: "Fungua kifuniko baada ya kuhakikisha kwamba umeme umezimwa." Mwandishi amesema yote, lakini kinyumenyume. Msomaji mwenye haraka asoma maneno mawili ya kwanza, na mkono wake umekwisha fika kwenye kifuniko. Kinachotangulia kufanywa na kitangulie kuandikwa: "Zima swichi kuu. Ifunge kwa kufuli. Tia ufunguo mfukoni mwako. Ndipo uondoe kifuniko." Na neno "fungua" lenyewe ni la kuogopwa. Kwa mmoja, kufungua mashine ni kuiwasha, kama watu wafunguavyo redio. Kwa fundi, ni kutoa skrubu na kuitenganisha. Mmoja akiagiza hivi na mwingine akasikia vile, atakayelipa ni yule aliyeinama chini ya belti. Basi tuandike "washa" na "zima", na tusiyabadilishe njiani. Shuleni tulisifiwa kwa kubadilisha maneno ili insha ipendeze. Kiwandani, ukiandika "mtambo" juu, "mashine" katikati na "chombo" chini, msomaji atatafuta vitu vitatu. Wala tusimtafutie fundi maneno ya kamusi. Yeye asema swichi, fyuzi, mota. Nasi tuandike hayo hayo.

Kwa ndugu zetu wa mashambani, kinachowashinda ni hesabu. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko Ruiru kilitoa mwaka 1985 aina iitwayo Ruiru 11, yenye kustahimili kutu ya majani na ule ugonjwa wa matunda ya kahawa uliogunduliwa Kenya mwaka 1922. Lakini miti ya SL 28 na SL 34 ingali mingi, nayo yahitaji dawa. Agizo lasema "mchanganyiko wa asilimia 0.5". Mpiga dawa habebi asilimia; abeba pampu ya lita 20 mgongoni. Mwambie: "mililita 100 katika pampu moja ya lita 20." Vivyo hivyo, agizo la kungoja siku 14 kabla ya kuchuma lamwachia kazi ya kuhesabu, kibao chenye tarehe, mwanzoni mwa mistari, chamfaa hata mchumaji aliyeajiriwa asubuhi ile ile.

Wako wanaodhani kwamba kuandika kwa Kiswahili kwatosha. Hatukubali. Kiswahili kilichofasiriwa neno kwa neno chaweza kuwa kigumu kuliko Kiingereza chenyewe. Njia ya kupima ni kumpa karatasi yule atakayeifanya kazi, bila kumwuliza "Umeelewa?", kwa kuwa kila mtu hujibu ndiyo mbele ya mkubwa. Mwulize: "Utafanya nini kwanza?"

La mwisho ni kwa walioumia kazini. Kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, mwajiri aweza kuarifiwa ajali kwa mdomo au kwa maandishi. Akisha arifiwa ana siku 7 za kumpelekea habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Na madai ya fidia hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kwa hiyo twawaomba: barua yoyote msiyoielewa ileteni kwa Katibu siku ile ile, kabla ya kutia sahihi. Na bahasha yake msiitupe, maana muhuri wa posta ndio uonyeshao siku ilipotumwa.