Kuacha Kuwasha Si Kupona

Mazungumzo kwenye kikao cha afya cha familia

Leo sizungumzii kodi ya nyumba wala makaratasi ya uhamiaji. Nazungumzia kitu kidogo ninachokiona kwenye nyumba nyingi ninazotembelea: ile tyubu ya dawa ya kupaka inayosemekana inatibu kila ugonjwa wa ngozi.

Sisi tuliopita Nyarugusu, Kakuma au Nakivale tunaijua. Mtu ana choa, anapaka. Ana upele, anapaka. Mtoto amebabuka kwenye nepi, anapakwa hiyo hiyo. Hapa Marekani tunaletewa na mgeni aliyetoka nyumbani, na wengine wanaipata dukani chini ya meza. Tunaipenda kwa sababu ni ya haraka: leo unajikuna, keshokutwa umetulia. Hiyo haraka ndiyo inayotudanganya.

Ndani ya tyubu hizo mna dawa mbili, wakati mwingine tatu. Moja inapambana na fangasi. Mara nyingi kwenye boksi imeandikwa clotrimazole. Nyingine ni steroidi, kama betamethasone au clobetasol. Ya tatu, ikiwepo, ni antibiotiki, kama neomycin au gentamicin.

Steroidi haiui fangasi. Inatuliza uvimbe na kuwasha, na inafanya hivyo kwa kuipunguzia ngozi nguvu ya kujitetea. Tuseme wezi wameingia nyumbani na mbwa anabweka. Ukimfunga mbwa mdomo, kelele zitaisha, lakini wezi bado wamo ndani.

Mtaniambia, lakini si ndani yake mna dawa ya fangasi pia? Ni kweli, na ndiyo maana madaktari huitoa kwa baadhi ya watu wazima. Tatizo ni jinsi tunavyoitumia. Mtu anapaka siku tatu, hawashwi tena, anaacha. Fangasi hawajafa. Baada ya wiki mbili wanarudi, anapaka tena. Mwisho lile duara la choa linapoteza umbo lake, linasambaa, na hata daktari akiliangalia halitambui upesi.

Hapa Marekani, mchanganyiko wa clotrimazole na betamethasone hautolewi bila karatasi ya daktari. Maelekezo yake ni haya:

Haushauriwi kwa mtu aliye chini ya miaka 17. Kwa choa cha mwilini au fangasi wa kinena, unapaka kidogo asubuhi na jioni kwa wiki 1, na usizidishe wiki 2. Kwa fangasi wa miguuni ni wiki 2, na usizidishe 4. Usifunike kwa plastiki wala bandeji. Usipake karibu na macho.

Na mtoto wa nepi je? Asipakwe kabisa. Nepi inabana kama plastiki, na ngozi ya mtoto ni nyembamba, kwa hiyo dawa inaingia hadi kwenye damu. Inaweza kuvuruga homoni zake na kupunguza kasi ya kukua kwake. Hata kwa mtu mzima, akizidisha muda, ngozi inakuwa nyembamba na kupata michirizi isiyofutika, hasa kwenye kinena na kwapani.

Najua kinachowasukuma wazazi. Shule imepiga simu kwamba mtoto ana choa, na kesho una zamu ya asubuhi. Unataka alama ipotee usiku huu huu. Mama, huna haja ya kuificha. Kwa kawaida mtoto anaruhusiwa kuendelea na shule akishaanza matibabu. Nenda duka la dawa, umwambie mfamasia unataka krimu ya clotrimazole peke yake, ya asilimia 1, isiyo na steroidi. Hiyo inauzwa bila karatasi ya daktari. Kwa choa cha mwilini inapakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 4, hata kama kuwasha kumeisha wiki ya kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 2, muone daktari kwanza.

Mapunye ya kichwani ni jambo jingine. Krimu haifiki kwenye mizizi ya nywele. Hapo daktari atatoa dawa ya kumeza, na itachukua wiki kadhaa.

Wiki 4 zikiisha bila nafuu, usinunue tyubu nyingine. Daktari anaweza kukwangua ngozi kidogo na kuipima. Mwaka 2023 shirika la afya la serikali, CDC, lilitangaza wagonjwa wa kwanza wawili hapa Marekani wenye aina ya choa kinachokaidi dawa za kawaida. Matumizi mabaya ya krimu zenye steroidi yametajwa miongoni mwa mambo yanayousaidia ugonjwa huo kuenea.

Kuna jambo jingine ambalo tunalisema kwa kunong'ona. Wapo wanaopaka krimu hizi usoni ili wang'ae, au wanazitia kwenye mkorogo. Sitamhukumu mtu hapa. Ila kama umepaka kwa miezi mingi, usikatishe siku moja peke yako. Ngozi inaweza kuwaka na kuvimba, na mwili uliozoea steroidi unaweza kukosa nguvu. Muone daktari akupangie namna ya kuacha, na umwambie ukweli wote. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria. Hospitali na kliniki zinazopokea pesa za serikali kuu zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Muombe mkalimani wakati wa kupanga miadi, na usimfanye mtoto wako mkalimani wa mambo ya mwili wako.

Leo jioni, kila nyumba ifanye kazi moja. Toeni tyubu zote, msome kwenye boksi. Jina la dawa likiishia na -sone, kama betamethasone, hydrocortisone au mometasone, mjue mara nyingi ni steroidi. Clobetasol pia ni steroidi, ingawa jina lake haliishii hivyo, tena ni kali sana. Ziwekeni kwenye mfuko mmoja mbali na watoto, mwende nazo kwenye miadi ijayo. Asiyejua kusoma herufi hizo anishike mkono tukitoka hapa, au amuonyeshe mfamasia. Kumuuliza mfamasia hakulipiwi.

Sasa tuanze na maswali, na wazee watangulie.