Gavana, Seneti na Mahakama

Mwaka 2014 Seneti ya Kenya ilimwita Gavana wa Bomet wakati huo, Isaac Ruto, pamoja na baadhi ya magavana wenzake, wajieleze kuhusu matumizi ya fedha za kaunti. Suala hilo likafika mahakamani, magavana wakishikilia kuwa wao huwajibika kwa bunge la kaunti. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2022 ilithibitisha kuwa Seneti ina mamlaka ya kumwita gavana, ila bunge la kaunti ndilo msimamizi wa kwanza. Uamuzi sahihi kabisa, lakini miaka minane ni mingi mno. Barabara mbovu hazingoji mahakama: lori la majani mabichi ya chai likikwama matopeni Konoin, Bomet, majani huharibika siku hiyohiyo. Wawakilishi wadi wa Bomet na Kericho, ulizeni kuhusu barabara hizo kabla Seneti haijauliza.