KUMRUDIA ALIYEBAKI
Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Sherehe ya Miaka 25



Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha miaka 25 tukimwimbia.

Tulipokuwa tukitayarisha kijitabu hiki, tulifungua daftari la kwanza la mahudhurio. Wengi walioandikwa humo hamtawaona leo wakiwa na sare. Wako waliolala katika Bwana. Wako waliohamia Mombasa, Nairobi na hata Ghuba kutafuta riziki. Wako pia waliobaki papa hapa, ila miguu haiwafikishi tena kanisani. Hao wa mwisho ndio tunaotaka kuwasemea.

Sisi wa pwani hii tuna historia inayotufundisha jambo hilo. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846 Johannes Rebmann alikuja kuungana naye, wakaanzisha kituo cha Rabai, ambayo leo iko katika kaunti yetu ya Kilifi. Hawa ndugu wawili hawakuwa na wazo moja kila mara. Krapf alitamani mlolongo wa vituo kutoka pwani yetu hadi ng'ambo ya pili ya Afrika. Rebmann aliona ni heri kukaa mahali pamoja na kufundisha watu polepole. Mwaka 1853 maradhi yalimrudisha Krapf Ujerumani. Rebmann akabaki Rabai.

Lakini Krapf hakuusahau upande huu. Mwaka 1862, akiwa amepita umri wa miaka 50, alipanda tena chombo akaja kuwasaidia wamishenari wa Kimethodisti waliokuwa wageni hapa. Kazi yao ilianzia Ribe, jirani na Rabai, alikokuwa Rebmann bado. Afya ilimrudisha Krapf kwao mwaka uleule. Rebmann aliendelea hadi 1875, miaka 29 tangu afike, naye akaondoka akiwa kipofu, akiongozwa kwa mkono. Alikwenda kukaa Korntal, mji alioishi Krapf, akafariki huko mwaka 1876. Krapf alimfuata mwaka 1881. Kamusi ya Kinyika waliyoifanyia kazi wote wawili ilichapishwa mwaka 1887, majina yao yakiwa pamoja.

Mara nyingi tunamsifu anayesafiri. Tunampigia vigelegele anayeondoka na anayerudi. Aliyebaki akishikilia kazi, hata macho yakaisha, tunamkuta tu kwenye daftari. Mtume Paulo naye alimwambia Barnaba warudi wakawaangalie ndugu katika kila mji walikohubiri. Kumbe kurudi kuwaona watu ni sehemu ya huduma yenyewe.

Tunaye ndugu yetu wa besi anayefanya kazi Doha. Siku yake ya mapumziko hujitolea kufundisha nyimbo za Kiswahili kwa waumini wenzake kutoka nchi zetu. Alipokuja likizo, kabla ya kumaliza kugawa zawadi nyumbani, alikodi bodaboda akaenda kwa mzee aliyetufundisha solfa miaka ile ya mwanzo. Mzee amepooza upande mmoja na maneno humtoka kwa shida. Kijana akamwimbia wimbo wa zamani. Katikati ya ubeti mzee akainua mkono wake mzima, akamsimamisha. Akasema, "Umechelewa kuingia." Wakaanza upya. Mke wa mzee alituambia kwamba hakuwa amemsikia akitamka sentensi nzima kwa wiki kadhaa.

Ndugu zetu, yule mzee hakuhitaji zawadi ya Doha. Alihitaji mtu wa kumsahihisha. Bado ni mwalimu wetu.

Wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa hiyo kamati inaleta ombi moja katika yubile hii. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, badala ya mazoezi hapa kanisani, tufanye mazoezi nyumbani kwa mwanakwaya mmoja wa zamani asiyeweza kutoka. Tusiende kama wageni wa kupikiwa. Twende na unga, sukari na majani chai yetu, tuketi ukumbini au chini ya mwembe, naye atuambie tulipokosea. Walio mbali wakija likizo, tutawapa orodha ya nyumba hizo.

Orodha iko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Ukimjua ambaye hatukumwandika, mwandike: jina, kijiji, na sauti aliyokuwa akiimba. Tutaanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.