Safari ya Mbugani na Shamba la Shangazi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukoo, Doonside, Sydney)



  Kamati imeniomba nieleze safari tuliyoifanya mwezi Julai 2023 katika hifadhi za kaskazini mwa Tanzania, kwa kuwa jamaa kadhaa wameonyesha nia ya kuwapeleka watoto wao. Nitaieleza, kisha nitaomba ruhusa niseme jambo moja ambalo halikuwamo katika ajenda.

Asubuhi ya leo watoto walipelekwa Featherdale, bustani ya wanyama iliyofunguliwa hapa hapa Doonside mwaka 1972. Wamewalisha kangaruu kwa mikono yao na kumtazama koala akisinzia mtini. Mjukuu wangu mdogo, ambaye hakuwamo katika safari yetu, amerudi akaniuliza: "Babu, na tembo wa kwetu nao wanalishwa kwa mkono?" Nilicheka, kisha nikajiona sina jibu fupi. Jibu lenyewe ndilo hili.

Tulikuwa watu saba. Tulikodi gari la peke yetu, pamoja na dereva ambaye pia ni mwongozo, kwa siku nane. Safari ya namna hii ni ghali kuliko kuchangia gari na wageni wengine, lakini ina faida zake. Mke wangu magoti yanamsumbua, tulisimama alipotaka. Kijana mmoja alichafukwa na tumbo, tulimsubiri. Na mtoto akitaka kumtazama ngiri mmoja kwa nusu saa, hakuna wa kumnung'unikia.

Tulitoka Arusha tukaanzia Tarangire. Mwezi Julai ni kiangazi, na maji yanapopungua kwingineko wanyama huufuata mto. Kwa hiyo tembo tuliwaona kwa makundi, chini ya mibuyu iliyochubuliwa maganda kwa pembe zao. Siku ya tatu tuliiona Manyara. Siku ya nne tulishuka Ngorongoro, bonde la duara lenye kina cha meta 600 hivi na eneo la kilometa za mraba 260 hivi, ambamo simba, nyati na faru wachache waliosalia huishi kama watu wa kijiji kimoja. Siku ya tano tulisimama Oldupai, mahali ambapo Mary Leakey aliliokota fuvu la kale tarehe 17 Julai 1959, kisha tukaingia Serengeti.

Hapo, ndugu zangu, nilipata somo la kwanza. Langoni tuliombwa vitambulisho. Mwana wa kaka yangu, aliyetoka Mwanza kutupokea, alitoa kitambulisho chake cha Taifa akatozwa kwa shilingi. Mimi nilitoa pasipoti ya Australia nikatozwa kwa dola. Karani hakukosea hata kidogo. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, nami nilipokula kiapo cha Australia nilijua ninachokiacha. Nimetumikia serikali miaka mingi. Siwezi kuilaumu sheria kwa kuwa leo imenigusa mimi. Lakini niliporudi garini nikiwa na stakabadhi mkononi, sikusema neno kwa muda mrefu, na wanangu waliliona hilo.

Nililitafakari jambo jingine pia. Katika miaka niliyokuwa mtumishi Dar es Salaam niliidhinisha masurufu ya safari za watu wengine, na baadhi yao walikwenda Serengeti kikazi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuingia ndani kuwatazama wanyama, ingawa nilizaliwa karibu na mpaka wake wa magharibi. Nyumbani kwetu hakuna aliyekwenda kumtazama nyumbu. Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa mtu wa Mara, anasimuliwa kusema kwamba yeye binafsi hakuona raha ya kutumia likizo akitazama mamba, lakini aliunga mkono kwa moyo wote wasipotee. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, aliitoa ile Ilani ya Arusha, akiahidi kwamba nchi itawahifadhi wanyamapori kama amana kwa wajukuu. Ahadi hiyo imetimizwa. Serengeti ina kilometa za mraba zipatazo 14,763, na nyumbu zaidi ya milioni moja huizunguka kila mwaka wakifuata mvua na majani. Tuliwakuta magharibi, mstari mmoja usio na mwisho, wakielekea kaskazini. Nilishukuru kwamba nimeishi hadi kuuona.

Siku ya saba tulitokea upande wa Ikoma tukaenda Mugumu, na kutoka hapo hadi kwa Shangazi. Dereva alidhani tunakwenda kusalimu kwa saa moja. Tulilala siku mbili.

Wengi wenu mnamfahamu Shangazi, dada yake marehemu baba. Ndiye mzee pekee wa kizazi kile aliyebaki. Baada ya chakula wajukuu walimwonyesha picha zao za tembo. Alizitazama zote kwa utulivu, akauliza tumelipa kiasi gani. Niliona aibu kumtajia. Akasema, "Mngeniuliza mwanangu. Hapa huja bure, usiku."

Watoto walicheka sana, wakidhani ni mzaha. Asubuhi aliwapeleka shambani. Mahindi yaliyokuwa yamebakiza siku chache kuvunwa yalikuwa yamelala chini, na katikati ya mabua palikuwa na alama za nyayo, kila moja pana kuliko sinia. Mwanangu wa mwisho, aliyewapiga picha tembo zaidi ya 60, alisimama ndani ya unyayo mmoja kwa miguu yote miwili, akabaki kimya. Jirani yake Shangazi alitueleza jinsi wanavyokesha na tochi na madebe, na jinsi mwenye nguvu za kukesha ndiye mwenye kuvuna. Shangazi ana miaka zaidi ya 80.

Serikali inayo kanuni ya kumpa fedha mtu aliyeharibiwa mazao, nayo huitwa kifuta jasho. Na kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa, huitwa kifuta machozi. Majina hayo yamechaguliwa kwa unyofu. Jasho hufutwa, lakini gunia halirudi ghalani.

Sisemi haya ili kuzilaani hifadhi. Sisemi pia kwamba hazikumgharimu mtu. Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, mpaka ulipochorwa upya na Ngorongoro kutengwa. Na upande wetu wa magharibi babu zetu walipoteza mawindo na njia zao. Hata ardhi hii tunayokutania leo ilikuwa ya watu wa Darug kabla ya kuitwa Doonside. Ninachosema ni kwamba amana ile ambayo dunia nzima huja kuitazama ina walinzi wasiolipwa, na mmoja wao ni mama yetu. Sisi tulilipa dola ili tuwaone tembo mchana. Yeye hulipa mahindi ili wawepo. Nikijumlisha gharama zetu za siku nane, mimi mtu wa mahesabu, naona kwamba tulimpita mlipaji mkubwa bila kumwona, kwa sababu tulimweka mwisho wa ratiba.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mkutano upokee mapendekezo matatu.

La kwanza: jamaa yeyote atakayewapeleka watoto mbugani aanze nyumbani. Mtoto amsikilize Shangazi kwanza, ndipo amtazame tembo. Atamwona kwa macho tofauti.

La pili: watoto wafundishwe majina ya wanyama hao kwa Kiswahili na kwa lugha yetu ya nyumbani kabla ya kupanda ndege. Ni aibu kwa mtoto wa Mara kumjua koala kwa jina na kumwita pofu "yule ng'ombe mwenye pembe".

La tatu, na hili ndilo kubwa: ukoo uchangie uzio wa mizinga ya nyuki kulizunguka shamba la Shangazi na yale ya majirani wanaopakana naye. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka, naye tembo huwaogopa nyuki. Njia hii imejaribiwa Kenya na Tanzania pia. Si dawa ya kila kitu: nyuki huhitaji maua na maji, na mizinga huhitaji mtu wa kuitunza. Lakini asali huuzwa, na vijana wa pale wamesema wako tayari. Mimi na mke wangu tumekwisha kutenga fungu letu, nalo liko kwa mweka hazina.

Mjukuu wangu, jibu lako ni hili: ndiyo, tembo wa kwetu wanalishwa kwa mkono. Mkono wenyewe ni wa bibi yako, naye hakuulizwa. Tukimsaidia leo, siku utakayokwenda kuwaona utaingia mbugani ukiwa huna deni naye.