Gehazi na Mavazi Mawili

Neno la kusomwa: 2 Wafalme 5:1-27

Tunazungumza nanyi kutoka mtaa wa Tuwan, hapa Kitale. Ninyi mlioko Bungoma, Webuye na Kimilili, na ninyi mnaotusikiliza huku mikono ikipukuchua mahindi, tunawaomba mkae nasi kwa dakika chache. Mwenye Biblia karibu na aifungue katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya tano.

Habari ya Naamani wengi wetu tunaijua tangu shule ya Jumapili. Jemadari mkuu wa Shamu alikuwa na ukoma, akaenda kwa Elisha, akajichovya mara saba katika mto Yordani, akatakasika. Mara nyingi mahubiri huishia hapo, watu wakasema amina, wakaenda nyumbani. Lakini sura haiishi hapo. Inaendelea mpaka inatufikisha kwa mtu mmoja aitwaye Gehazi, na huyo ndiye tunayetaka kumtazama leo.

Elisha alikataa zawadi zote za Naamani. Alikataa kwa sababu alitaka mgeni yule arudi kwao akijua kwamba uponyaji wa Mungu hauuzwi. Ndipo Gehazi, mtumishi wake, akaona moyoni kwamba mali nyingi inapita hivi hivi. Akakimbia nyuma ya gari la Naamani, akamwambia kwamba wamefika vijana wawili wahitaji, wana wa manabii, na kwamba bwana wake anawaombea fedha na mavazi. Naamani hakuuliza swali. Alitoa maradufu ya fedha iliyoombwa, pamoja na mavazi mawili. Gehazi akavificha vitu nyumbani, kisha akaenda kusimama mbele ya bwana wake kana kwamba hakwenda popote.

Tazameni vizuri, ndugu zetu. Gehazi hakuvunja mlango wa mtu. Alitumia majina ya maskini. Alitumia ugonjwa wa mwenzake na shukrani ya mtu aliyepona. Wahitaji aliowataja hawakuona hata uzi mmoja wa mavazi yale.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Tarehe 13 Machi 2020 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya. Shule zikafungwa. Tarehe 27 mwezi huo kafyu ikaanza, saa moja ya jioni mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Milango ya makanisa ikafungwa, na ilipofunguliwa mwezi wa Julai tuliruhusiwa watu mia moja tu kwa saa moja, na wazee waliopita miaka 58 wakabaki nyumbani pamoja na watoto walio chini ya miaka 13. Tuliambiwa tunawe mikono kila mara, nasi hapa Tuwan maji tunanunua kwa mtungi. Mama anayeuza mboga alichagua kati ya mtungi wa kunawa na mtungi wa kupikia. Hata hivyo watu walijitahidi kutii. Tuliwazika wapendwa wetu tukiwa watu kumi na watano, upesi upesi, bila matanga, sisi ambao kwetu mazishi ni ya ukoo mzima na kijiji kizima. Tulitii kwa sababu tuliamini kwamba waliotuagiza wanabeba mzigo pamoja nasi.

Kisha mwezi wa Agosti mwaka huo huo yakafunuliwa mambo ya KEMSA, shirika la serikali linalonunua na kugawa dawa na vifaa vya hospitali. Waandishi wa habari waliyatangaza, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza uchunguzi, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akaona kwamba ununuzi wa vifaa vya korona wa shilingi bilioni 7.8 haukufuata sheria. Katika fedha hizo kulikuwamo fedha za barakoa, na za mavazi ya kuwakinga wauguzi na madaktari. Mwezi wa Desemba wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, na vifaa vya kujikinga vilikuwa mojawapo ya madai yao. Je, wapenzi, hamkumbuki yale mavazi mawili ya Gehazi?

Tena miezi ile ile ya Septemba na Oktoba wanasiasa wa pande zote walifanya mikutano mikubwa ya hadhara, watu wakisongamana bila barakoa, mpaka tarehe 4 Novemba Rais aliposimamisha mikutano ya siasa kwa siku sitini. Mwananchi wa Tuwan akasema moyoni, “Kumbe ugonjwa huu unakaa kwenye mazishi yetu, na kwenye mkutano wa mheshimiwa haufiki!” Alisema hivyo kwa uchungu. Na tangu siku ile barakoa ikawa kitu cha kuvaliwa kidevuni, kwa kumwogopa polisi.

Hapo ndipo tunapoiona hasara yenyewe. Fedha ikipotea, huenda siku moja ikarudishwa. Lakini neno la kiongozi likikosa kuaminika wakati wa ugonjwa, watu hufa. Mgonjwa haendi hospitali, mzee anakataa kinga, na onyo la kweli linapokuja linafanana na uongo wa jana.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Majirani zetu wa Uganda walisimama mapema. Mwezi wa Mei 1986 waziri wao wa afya, Ruhakana Rugunda, aliwaambia wakuu wa afya wa mataifa huko Geneva kwamba nchi yake ina ugonjwa huo na inahitaji msaada. Kwetu sauti ilikuwa ya kunong'ona. Mwaka 1990 ikatangazwa kwa shangwe dawa iliyoitwa Kemron, na wagonjwa wakajaa matumaini. Uchunguzi uliofuata haukuona kwamba inaleta nafuu. Ni mwezi wa Novemba 1999 ndipo Rais Moi alipoutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita. Nasi kanisani tulifanya nini katika miaka hiyo? Tulisimama makaburini tukasema marehemu aliugua malaria, au alirogwa, nasi tulijua. Tukawalaumu waliougua, tukawaacha wajane wabebe siri peke yao.

Basi tunafika mahali pagumu katika hotuba hii, na tusingependa kuparuka.

Mwezi wa Mei 2020 wafadhili walituletea katika kanisa letu mifuko 60 ya unga na katoni za sabuni, tugawie wenye shida. Sisi wazee wa kanisa tukaketi kuandika orodha. Majina ya wajane yalikuwamo, na ya vibarua waliokosa kazi yalikuwamo. Lakini yalikuwamo pia majina ya shemeji zetu na wapwa zetu ambao nyumbani kwao gunia lilikuwa bado limesimama. Hatukuita jambo hilo wizi. Tulisema, “Nao pia ni watu wa kanisa.” Siku ya kugawa, unga uliisha, na mama mmoja mjane akarudi nyumbani na mkoba mtupu. Alitushukuru kwa maombi.

Mambo ya KEMSA yalipotokea tulihubiri kwa sauti kubwa. Tulipiga meza. Baada ya ibada kijana mmoja, mwendeshaji wa boda boda, alitufuata pale mlangoni akatuuliza kwa heshima kabisa, “Wazee wetu, na ule unga wa mwezi wa tano, uligawanywaje?”

Tulinyamaza. Tulitaka kusema, kama Gehazi, kwamba hatukwenda popote. Usiku ule hapakuwa na mzee hata mmoja kati yetu aliyelala vizuri. Jumapili iliyofuata tuliisoma ile orodha mbele ya watu wote, jina kwa jina, na ujamaa wetu na kila jina. Wengine walikasirika. Shemeji mmoja hakusalimiana nasi kwa miezi mingi. Tulinunua unga kwa fedha zetu wenyewe, tukaupeleka kwa yule mama na kwa wengine waliorudi mikono mitupu, tukaomba msamaha mlangoni pao. Haikuwa rahisi, wapenzi. Mzee wa kanisa kusimama na mfuko wa unga mbele ya mlango wa mjane na kusema “tulikukosea” ni jambo linaloshusha mabega.

Sasa sikilizeni lililofuata. Mwezi wa Machi 2021 kinga ya korona ilifika nchini, shehena ya kwanza ikiwa zaidi ya dozi milioni moja. Ilipofika kwetu watu walisita. Kikongwe mmoja wa kanisa letu alituambia wazi, “Waliokula fedha za barakoa ndio leo wanaosema sindano ni salama? Mimi siendi.” Tulikosa jibu. Kwa kweli hakuwa mjinga. Alikuwa ameumwa na nyoka, naye akaogopa ung'ongo.

Katika kanisa letu yuko muuguzi mmoja, binti mpole, asiye na cheo. Alikwenda kuketi jikoni kwa yule mama, akamwambia, “Kukhu, sitakudanganya. Mimi nimechomwa sindano hiyo. Mkono uliniuma, na usiku nikapata homa. Asubuhi ya pili nikaenda kazini. Haizuii kila kitu. Waweza bado kuambukizwa. Lakini nimewaona waliolazwa wakikosa pumzi, na mtu wa umri wako yuko katika hatari kubwa. Mimi silipwi kitu kwa kukuambia haya. Ukiamua, nitakusindikiza.” Yule kikongwe alikaa siku tatu akiwaza, kisha akajifunga leso yake, wakaenda pamoja. Na wenzake wakafuata.

Je, mmekumbuka mwanzo wa sura yetu? Nani aliyemfungulia Naamani njia? Hakuwa mfalme wa Shamu aliyetuma barua na fedha, wala mfalme wa Israeli aliyerarua mavazi yake kwa hofu. Alikuwa msichana mateka, kijakazi wa nyumbani, aliyesema neno moja la kweli bila kutazamia faida. Nyumba nzima ikamwamini. Imani ya watu ilianzia kwa mdogo asiye na la kuficha, na Gehazi, mtumishi wa nabii, ndiye aliyekaribia kuiharibu.

Ndugu mpendwa, tufanye nini? Tuwaombee viongozi wetu, kama Paulo alivyomwagiza Timotheo. Lakini kuombea si kusifu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita, inawataka viongozi wawe waadilifu, na Kifungu cha 35 kinampa kila mwananchi haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Basi tusikae nyuma ya baraza la chifu tukinung'unika chini chini. Tuulize: dawa za zahanati yetu zimefika ngapi? Fedha zilizotengwa zimefanya nini? Tuulize kwa adabu, na tuulize mpaka tujibiwe. Na kiongozi akisema kweli isiyopendeza, tusimwadhibu kwa kura, maana tukimpenda anayetubembeleza kwa uongo, nasi tumemtengeneza Gehazi wetu.

Kisha tuanzie nyumbani. Nabii Samweli, alipokuwa mzee, alisimama mbele ya Israeli wote akawauliza ni ng'ombe wa nani alimtwaa, na ni nani aliyemdhulumu. Mnaweza kuisoma katika 1 Samweli sura ya 12. Mwenye kanisa, mwenye shule, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, mzee wa mtaa: je, tunaweza kusimama hivyo? Tangu mwaka ule, hapa kwetu, kila msaada unaoingia husomwa mbele ya watu, kiasi kilichokuja na jina la aliyepokea. Ni kazi ya dakika tano. Inatulinda sisi wazee kuliko inavyowalinda maskini.

Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Katika Kenya vifo vilivyoandikwa vilikuwa zaidi ya 5,600. Ugonjwa mwingine utakuja siku moja, maana dunia ni ileile. Siku hiyo mtu atabisha mlangoni na kusema, “Fanyeni hivi mpate kuishi.” Je, ataaminiwa? Jibu la swali hilo linaandikwa sasa, katika vitabu vya hesabu na katika orodha za unga.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe ulikwenda pamoja na Gehazi njiani asipokuona, nawe ulikuwapo tulipoandika orodha yetu. Utusamehe. Wape watawala wetu moyo wa kusema kweli hata inapowagharimu, nasi utupe moyo wa kuipokea. Uwakumbuke wauguzi waliohudumu bila kinga, na nyumba zilizobaki na kiti kitupu. Utufanye kama yule msichana mdogo, ambaye neno lake liliaminiwa. Katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.